KUSHUKA ZIWANI NA WATOTO: NANI AENDE, NANI ABAKI?



Vakansi ndefu inakaribia, na tayari wazazi watatu wamenisimamisha njiani kuniuliza kama Januari tutashuka tena ziwani na familia. Mmoja hakuuliza kwa upole. Alisema, "Mwalimu, safari hii wangu asibaki." Ana haki ya kusema hivyo. Januari 2025 watoto 14 waliandikishwa na wazazi wao, na tulishuka na 9. Waliobaki walilia, na mama mmoja hakuitikia salamu yangu mpaka mwezi wa tatu. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti nieleze ile njia ikoje na tulichagua vipi, ili kila mzazi ampime mtoto wake nyumbani, kwa utulivu, kabla hajaleta jina.

Kwa wale waliofika Kyangwali juzijuzi: sisi tunakaa juu, Ziwa Albert liko chini. Huku juu ni mashamba ya mahindi na maharagwe, vilima vidogo vidogo, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima asijue kwamba ukitembea kuelekea magharibi ardhi inakatika. Inakatika kweli. Ule ni ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa liko kama mita 620 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa huku juu unapita mita 1,000, yaani katikati hapo kuna karibu mita 400 za kushuka. Gari linapita barabara ya kuzunguka. Watu wa miguu wanapita njia za wavuvi na wachuuzi wa samaki, na ile tuliyoifuata Januari inaingia katika korongo la kijito na kutelemka nacho. Wengi wetu tulipandishwa ukuta huu mwaka 2018 ndani ya mabasi, kutoka Sebagoro mpaka kituo cha kupokelea wageni cha Kagoma. Siku ile nani alichungulia dirishani? Tulikuwa tunahesabu watoto.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri na tochi. Mwenyekiti wa kijiji tulikuwa tumeshamjulisha, na majina ya wote yalibaki kwake kwenye karatasi. Ukifika ukingoni wakati kunapambazuka unasimama tu. Ziwa lote liko mbele yako, na ng'ambo, kilomita 30 hivi, kuna milima ya Ituri, bluu kama moshi wa jikoni. Taa za wavuvi zinaanza kuzimwa moja moja. Huko chini kwenye tambarare ya Buhuka kuna mradi wa mafuta wa Kingfisher, na vijana wakubwa wanapenda sana kuutazama. Mimi sikuenda kwa ajili ya hayo. Watoto waliozaliwa hapa kambini waliuliza, "Ile ndiyo Congo? Mbona iko karibu hivi?" Hakuna mzazi aliyejibu. Papa mmoja alivua kofia yake akaishika mkononi.

Sasa njia yenyewe. Mwanzo ni mteremko mkavu wa changarawe, hakuna hatari kubwa ila kuteleza na kuanguka kwa makalio. Baadaye unaingia korongoni, na hapo ndipo penye kazi. Kuta ziko pande mbili, mawe ni makubwa kuliko mtu, maji yanafika kwenye kifundo cha mguu na sehemu nyingine magotini. Kuna sehemu mbili ambapo njia haipo kabisa. Unageuza uso kuelekea jiwe, unashuka kwa mikono na miguu, na mguu unatafuta pa kukanyaga bila macho kuona. Sehemu moja tulifunga kamba kwenye shina la mti. Halafu korongo linafunguka, unatoka kwenye tambarare ya ziwani, na jua linakupokea kama mlango wa tanuru.

Watu wengi wanadhani tulichagua kwa umri. Tulitumia umri kwa jambo moja tu: chini ya miaka 6 hapana. Sababu si dharau. Mtoto wa miaka 4 anatembea vizuri kuliko babu yake kwenye barabara, lakini korongoni jiwe moja linamfika kifuani, kwa hiyo atabebwa. Mama zetu wamezoea kubeba mtoto mgongoni na bidoni la maji kichwani, hilo nalijua, sihitaji kuambiwa. Lakini ukishuka jiwe huku uso umelielekea, mtoto wa mgongoni anakuvuta nyuma, na ukiinama chini ya mwamba uliojitokeza kichwa chake ndicho kinagonga, wewe hukioni. Ndiyo sababu watoto wawili wadogo walibaki kwa bibi yao. Wa tatu alikuwa ametoka kuugua malaria wiki ile ile. Alisema amepona, mama yake alisema amepona, lakini alikuwa anapumzika kila baada ya kuvuta ndoo mbili kisimani. Mwili unasema ukweli mapema kuliko mdomo.

Waliobaki wengine wawili ndio walioleta maneno, kwa sababu walikuwa na afya na nguvu.

Jumamosi mbili kabla ya safari tulikuwa tumewakusanya watoto wote nyuma ya shule. Tulitembea saa mbili, kila mtoto na chupa yake ya maji aliyoibeba mwenyewe, kwa njia ya kupanda na kushuka. Sikuangalia saa ya kwanza. Saa ya kwanza kila mtoto ni simba. Niliangalia nusu saa ya mwisho. Mtoto akianza kujikwaa kwenye njia tambarare isiyo na jiwe, miguu imekwisha, hata kama anakuambia bado. Dada mmoja wa miaka 11 alijikwaa mara nne karibu na kisima. Nilimwambia baba yake aendelee kumtembeza wakati wa jioni. Ni yule yule ambaye sasa anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi, na mwaka huu nadhani atapita.

Kisha tulicheza mchezo wa "simama". Nikipiga filimbi, kila mmoja anaganda pale pale alipo. Ni mchezo wa watoto wa P.2, wakubwa waliucheka. Lakini kulikuwa na kijana mmoja wa miaka 10, mchangamfu, nampenda sana darasani, ambaye kila filimbi ilipolia aliongeza hatua tatu. Nilirudia mara kumi, na kila mara alikuwa na hatua zake tatu na kicheko. Sasa wewe mzazi jiulize: juu ya mwamba wenye maji, hatua tatu zinakupeleka wapi? Kijana yule alibaki, na mama yake ndiye huyo ambaye hakunisalimu. Sikumlaumu. Kwake yeye mtoto wake ni hodari, na ni kweli ni hodari. Kusikia ni jambo lingine. Kama mtoto wako nyumbani anaitwa mara tano ndipo anaitika, anza na hilo kabla ya kununua viatu.

Na tuliwashusha kwenye lile jiwe kubwa, mmoja mmoja, uso kwenye jiwe, sehemu tatu za mwili zimeshika kabla ya ya nne kusogea. Hapo walicheka sana, na walijifunza haraka kuliko sisi watu wazima. Papa mmoja alikwama katikati, tukamshusha kwa maelekezo ya binti yake.

Mwisho niliwaita kando mmoja mmoja nikawauliza swali moja: unaogopa nini? Binti mdogo wa miaka 8, mwembamba, ambaye kila mtu alidhani atabaki, alinihesabia kwa vidole. Anaogopa kuteleza, anaogopa nyoka, anaogopa maji yasiyoonekana chini, na anaogopa mbwa wa mzee fulani wa kule block ya pili. Nilimuuliza, ukiogopa utafanya nini? Akasema, "Nitasema." Huyo nilimwandika wa kwanza. Kijana mwingine, wa miaka 12, mchezaji bora wa mpira wa zoni yetu, miguu kama ya swala, aliniambia, "Mwalimu, mimi siogopi kitu." Naye nilimwandika, kwa sababu alikuwa amepita yote. Lakini pembeni ya jina lake niliandika jina la mjomba wake, kwamba awe mtu wake peke yake siku hiyo, asipewe mtoto mwingine wala mzigo. Mtoto anayesema haogopi kitu mimi namtafutia mtu mzima wake.

Ukingoni, wakati wengine wanaonyeshana Congo, yule kijana alikaa chini. Hakulia. Alikaa tu akitazama maji, mikono kwenye magoti. Tulipoanza kushuka alisimama, akatembea na sisi mpaka kwenye jiwe kubwa la kwanza, pale mwanzo wa korongo ambapo sauti ya maji inaanza kusikika. Hapo akasimama kabisa. Mjomba wake alimwambia kwa sauti ya chini, akamshika bega. Kijana akasema, "Mi siwezi kuenda kwenye maji yale." Wala hakuwa anasema maji ya kijito.

Familia yake ilivuka ziwa mwezi wa pili mwaka 2018, usiku, mashua imejaa kupita kiasi. Yeye alikuwa na miaka 5. Yaliyotokea ndani ya mashua ni ya familia yake, siyaandiki kwenye gazeti. Wengi mnaosoma hapa mnayo yenu.

Jiwe lile tulikuwa tumelipanga tangu mwanzo kuwa mahali pa kurudi. Kabla ya hapo mtu yeyote anaweza kugeuka na kupanda dakika arobaini akawa juu ukingoni. Baada ya hapo, ukishapita sehemu ya kamba, kurudi ni kugumu kuliko kuendelea, hata kwa mwanaume mwenye nguvu. Ndiyo maana pale jiweni tulimuuliza kila mtoto mara moja tena, mbele ya mzazi wake, kama anataka kuendelea, na tulikuwa tumekubaliana wazazi wasijibu. Kulikuwa na papa mmoja ambaye alitaka kusema maneno kuhusu mtoto wa kiume na uoga. Mke wake alimkanyaga mguu. Mjomba na kijana wakarudi juu, wakatungojea ukingoni chini ya mti mpaka mchana na chai ya termosi. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu niliwaambia watoto kwamba ametumia haki ambayo kila mmoja wao anayo, na kweli dakika kumi baadaye yule binti wa miaka 8 akaitumia kwa namna yake. Alisema, "Nachoka, naomba kukaa." Tukakaa wote.

Korongoni mwenyewe nilifurahi sana, siwezi kuficha. Kuna baridi, kuna majani mapana yanayoning'inia, vipepeo wanakunywa kwenye tope, na maji yanasema peke yake. Asubuhi ukuta wote uko kivulini kwa sababu jua linatokea nyuma yetu. Watoto waliacha kelele bila kuambiwa. Viatu vilileta hadithi zake. Kamambili tulizikataa tangu nyumbani. Kwenye jiwe lenye maji kamambili ni sabuni. Bota nazo zinajaa maji na kuwa nzito. Raba kuukuu yenye kamba za kufunga ndiyo bora, na asiye nayo, miguu mitupu ya mtoto aliyezoea ni afadhali kuliko kamambili. Mtoto akianza kutetemeka kwa baridi mtoe kwenye maji, mvue nguo ya juu iliyolowa, mpe kavu na kitu kitamu. Mwili mdogo unapoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Wakati tuko kwenye habari za korongo, niseme jambo lililonifikia kwa simu mwezi wa sita. Familia moja ya zoni yetu iliyopata safari ya kuhamia Marekani inakaa Salt Lake City, jimbo la Utah. Huko watu wanashuka makorongo kama mchezo, unaitwa "canyoneering". Wanavaa kofia ngumu, nguo za mpira za kuzuia baridi, mkanda unaofungwa kiunoni na mapajani, wanatelemka kwa kamba pembeni ya maporomoko, wanaogelea kwenye vidimbwi, na wanapeleka hata watoto. Watu wa kanisani kwao waliwaalika. Mama aliniuliza, "Mwalimu, ulishusha watoto ziwani, sasa hawa wangu wako tayari kwa hiyo ya huku?"

Nilimwambia aulize kwanza maswali ambayo viongozi wa mchezo huo wenyewe wanauliza. Mtoto anaogelea, na siyo kwenye maji tulivu tu? Mkanda unambana vizuri, au yeye ni mdogo unaweza kumtoka? Sehemu nyingi za Ulaya, kwa mfano Ufaransa, wanaanzia watoto wa miaka 8 hivi kwenye makorongo rahisi, na korongo gumu ni la wakubwa. Watoto wake wawili hawajui kuogelea. Basi jibu lake lilikuwa pale pale, si la kunisubiri mimi. Aliwaandikisha kwanza kwenye mafunzo ya kuogelea ya bwawa la mtaa wao.

Lakini kuna swali lingine nililomwambia, na hili linatuhusu sisi huku kuliko wao: mvua inanyesha wapi? Kosa la watu wengi ni kutazama anga iliyo juu ya kichwa chao. Korongo halijali anga yako, linajali anga ya kule maji yanakotoka. Tarehe 14 Septemba 2015 huko huko Utah, katika hifadhi ya Zion, watu 7 waliingia korongo jembamba wakafagiliwa wote na mafuriko ya ghafla. Wote walikuwa watu wazima. Karibu na sisi, Kenya, kwenye korongo la Hell's Gate kule Naivasha, vijana 7 wa kanisa walikufa mwaka 2012, na mwaka 2019 watu wengine 7 walichukuliwa na maji pale pale. Ni mahali ambapo siku nyingi za mwaka unatembea kwenye mchanga mkavu na unaona mbingu kama utepe.

Kijito chetu kinakusanya maji kutoka huku juu, mashambani na upande wa msitu wa Bugoma. Mvua inaweza kupiga huku wakati ziwani kuna jua kali. Ndiyo maana tunashuka Januari, katikati ya kiangazi, siyo Aprili wala Oktoba, hata kama vakansi nyingine zinaangukia wakati wa mvua na watoto wanaomba. Na Januari yenyewe tuliacha kijana mmoja ukingoni na simu, kazi yake ni kuangalia mawingu ya mashariki. Kama mvua ilinyesha usiku, hatushuki, hata kama chapati zimeshachomwa. Mkiwa ndani, maji safi yakigeuka kahawia, yakaanza kuleta majani na vijiti, au sauti ikabadilika, hakuna kusubiri kuona. Mnapanda pembeni, juu, mara moja, na mizigo mnaiacha. Usikimbie kufuata kijito kwenda chini, maji yatakushinda mbio. Hili tulilifanyia mazoezi na watoto mara mbili, kupanda pembeni kwa filimbi. Sasa unaona kwa nini ule mchezo wa "simama" si wa watoto wa P.2.

Tulifika chini saa nne kasoro. Mama mmoja alipiga vigelegele, tukakaa chini ya mti kula. Tangu chakula cha mgao kipunguzwe tusidanganyane, kila familia ilileta ilichoweza: mihogo, maharagwe, chapati chache, na tulinunua ngege wawili wakubwa kwa wavuvi tukagawana kwa ustadi wa Yesu. Lakini maji ya kunywa tulishuka nayo yote kutoka juu. Kipindupindu cha mwaka 2018 kiliua watu zaidi ya 40 huku kwetu na kwenye vijiji vya ziwani, na hakikuuliza nani ni mkimbizi na nani ni mwenyeji. Mtoto asiyeweza kungoja chupa, ambaye akiona maji anainama anakunywa, bado.

Na kuogelea? Hapana. Hapo watoto walinichukia kidogo. Ziwa Albert lina kichocho kingi. Minyoo yake inatoka kwenye konokono wadogo wa pembezoni, kwenye majani na maji yaliyotulia, inapenya ngozi bila kuuma ndani ya dakika chache, na hasa wakati jua liko juu, saa ile ile mtoto anatamani kujitupa. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na wagawa dawa wakipita vijijini mpeni mtoto aimeze. Lakini hatukwenda kutafuta kazi kwa daktari. Mamba nao wapo. Tulisimama kwenye mchanga mkavu tukatazama.

Mashua hatukugusa hata moja, hata ile iliyofungwa. Mvuvi mmoja mwema alitaka kuwazungusha watoto bure, tukamshukuru. Tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyobeba ndugu zetu waliokuwa wanarudi Congo kutoka kambi hii ilizama kwenye ziwa hili, wakafa zaidi ya watu 100, na wengi walikuwa watoto. Baadhi ya waliosimama pale mchangani siku ile na sisi wana watu wao humo. Mzee mmoja alichukua jiwe dogo akalitupa majini, halafu lingine, mpaka mjukuu wake akamshika mkono.

Kurudi juu ndiyo sehemu ambayo wazazi hawaihesabu. Asubuhi ukuta una kivuli. Kuanzia mchana jua linakuwa upande wa ziwa na linaupiga ukuta usoni, na wewe uko juu yake kama samaki kwenye jiwe la kukaushia. Mtoto aliyeshuka akiimba hawezi kupanda saa nane. Kwa hiyo tulichanga pesa wiki tatu kabla, tukakodi gari la mchuuzi wa samaki kupandisha watoto na mama zao kwa barabara. Wanaume na mimi tulipanda kwa miguu saa kumi, pole pole, tukafika ukingoni giza linaanza, na sina hamu ya kurudia. Kama mchango wa gari haukutimia, safari haipo. Huo ni msimamo wangu na nimeshaambiwa kwamba ni mkali.

Sasa kuhusu wazazi. Tulikuwa na kanuni ya mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, na kwa watoto wa chini ya miaka 9 mtu mmoja kwa mmoja. Mzazi mwenye magoti mabaya, au mwenye mimba, au ambaye kila dakika anashika simu kupiga picha, asijiandikishe kama mtu mzima wa mtoto. Aje kama mgeni na atafutiwe wake. Ilitokea kwamba mtoto alikuwa tayari kabisa na baba yake ndiye hakuwa tayari. Nilimwambia baba huyo mbele ya kahawa, sisi wawili tu, na alielewa. Mdogo wake alimpeleka mtoto.

Wale mapacha wa mama muuza mandazi wametimiza miaka 6 na wananifuata kila siku na kuniganda wakisikia filimbi yoyote, hata ya mpira. Yule kijana wa hatua tatu mama yake amekuja mwenyewe, tumesalimiana, amesema sasa akiitwa anaitika mara ya pili. Nimemwambia tutaona Jumamosi.

Na yule wa miaka 12, sasa anakaribia 13, alinifuata baada ya mechi wiki iliyopita. Alivuta maneno kwanza kuhusu viatu, kuhusu goli alilokosa, halafu akauliza kama mtu anaweza kujiandikisha kwenda mpaka ukingoni tu, bila kushuka. Nikamwambia inawezekana, na kwamba tunahitaji mtu mwenye macho mazuri wa kushika simu na kutazama mawingu. Akauliza kama mawingu yanayotazamwa ni ya upande wa ziwa au upande wa huku. Upande wa huku, mgongo kwa ziwa. Akasema aandikwe.

Mazoezi yataanza Jumamosi mbili za mwisho za Desemba, saa moja asubuhi, nyuma ya shule. Mtoto aje na mzazi wake, chupa ya maji, na viatu vyenye kamba.